Ndege ya Njano ya Mama Breki

Baada ya kumpasua nyonga, daktari alimwambia Mama Breki asiendeshe gari, asiinue ndoo, asipande ngazi wala asikunje mguu kitini mpaka atakapoambiwa. Mgonjwa akauliza swali moja tu.

"Kupumua je?"

"Kupumua ruksa, mama."

"Ahsante. Nilidhani na hiyo njia umeifunga."

Alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaani kwao, karibu kila aliyejua kushika usukani alipitia mikononi mwake, na hilo jina la Breki walimpa wanafunzi wenyewe, maana walilisikia neno hilo kuliko walivyosikia majina yao. Shule yake ilikuwa gari moja la njano lenye miraba myeusi na myeupe ubavuni. Ofisi ilikuwa benchi nje ya kibanda cha kinyozi, na kinyozi alikuwa mumewe. Simu ya kibanda ndiyo iliyokuwa simu ya shule, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi yule mzee alinyoa watu ndevu simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, huku akiwapangia wengine zamu za kujifunza gia. Siku moja alichanganya mambo, akamwambia mteja aliyekaa kitini akanyage klachi taratibu. Mteja akakanyaga.

Sasa gari lilishakufa, mwalimu amestaafu, na nyonga nayo imegoma. Mama Breki alikaa sebuleni akiwakosoa madereva kupitia dirishani. "Indiketa! Wewe, indiketa!" Watu barabarani wakawa wanageuka, hata waliokuwa kwa miguu.

Binti yao, mfamasia, akaona hali hiyo si afya kwa mtu yeyote. Jumamosi moja akaja na boksi kubwa lenye picha ya ndege.

"Mama, nimekuletea kazi ya mikono. Ndege ya mfano. Unaunganisha vipande mwenyewe, unaipaka rangi."

"Mimi mtoto?"

"Hebu itazame kwanza."

Mama Breki akavaa miwani. Ilikuwa ndege ya zamani, ya mabawa yaliyopangana juu na chini kama vitanda vya bweni, na mgongoni ilikuwa na matundu mawili, moja nyuma ya jingine.

"Mbona matundu mawili?"

"Ni ndege ya kufundishia marubani," binti akasoma ubavuni mwa boksi. "Mwanafunzi anakaa mbele, mwalimu nyuma. Kila mmoja ana fimbo yake ya kuongozea na pedali zake. Mwanafunzi akikosea, mwalimu anasahihisha. Na kwa sababu ya kelele za injini, mwalimu anasema naye kwa kutumia bomba la mpira, huku mdomo, kule sikio."

Mama Breki akalitazama lile tundu la nyuma. Kwenye lile gari lake la njano alikuwa amefungiwa pedali ya pili ya breki upande wa abiria, na aliitumia mpaka soli ya kiatu chake cha kulia ikawa inaisha kabla ya mwenzake.

"Mpira wa kumsemea mtu moja kwa moja sikioni," alisema mwishowe. "Na mimi nilikuwa napiga kelele bure. Hebu nipe huo mkasi."

Kuanzia hapo meza ya kulia ikawa karakana. Mzee alikula sahani ikiwa mapajani, na siku ya tatu alipata nati za plastiki kwenye mchuzi akazitoa, akazipanga pembeni mwa sahani kama mifupa ya samaki. Kibano cha kung'olea nyusi kilikamata vipande vidogo, tupa ya kucha ikasugua panapokwaruza. Bawa la juu lilipokuwa likikauka gundi, lilishika kitambaa cha meza, na Mama Breki alipoliinua, kikaja kitambaa, kikaja kikombe, ikaja na chumvi.

"Imepaa na abiria," mzee akasema.

"Nyamaza wewe. Leta wembe."

Kazi ngumu zaidi ilikuwa nyaya, zile zinazotoka bawa la chini kwenda la juu na kulishikilia lisilegee. Alijaribu uzi wa cherehani. Ukiutazama kwa miwani, uzi ule ulikuwa na manyoya kama kamba ya kufungia mbuzi. Alijaribu unywele wake mwenyewe, ukajikunja. Mwishowe binti akamletea uzi wa kushonea vidonda, ule wa hospitali, na Mama Breki akaukaza kwenye kila nguzo hadi ulipokuwa ukilia ting ukiugusa kwa kucha. Akafurahi sana, akamwita mumewe aje asikilize.

"Sikiliza hii." Ting. "Na hii." Ting.

"Nimesikia."

"Hujasikia. Hiyo ya pili imelegea kidogo." Akaikata, akaanza upya.

Ikabaki rangi. Karatasi ya maelekezo ilisema kijani na kijivu, rangi za jeshi, na ilionyesha kwa mishale kila doa lilipostahili kukaa.

"Mimi sina vita na mtu," Mama Breki akasema. "Hii itakuwa ya njano."

Mzee akaishika ile karatasi, akaisoma juu hadi chini. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, hata ya shampuu.

"Lakini hapa hakuna njano. Ndege hii haijawahi kuwa ya njano."

"Haijawahi kwa sababu hawakuniuliza. Hebu fikiria, baba. Shule yetu ingekua. Tungenunua gari la pili, la tatu, halafu siku moja tukasema, jamani, barabara zimejaa, tuhamie juu. Si ingekuwa na rangi zetu?"

Mzee akafikiria. "Na simu ningepokea mimi?"

"Nani mwingine?"

Kwa hiyo ikawa njano, na miraba myeusi na myeupe ubavuni kama lile gari. Miraba aliichora kwa brashi nyembamba kuliko zote nyumbani, ambayo mumewe aliitumia kuwapaka wateja rangi nyeusi kwenye masharubu. Aliirudisha kibandani bila kuiosha vizuri. Kesho yake mhasibu mmoja mstaafu, mtu wa suti na heshima zake, akaondoka kwa kinyozi na sharubu moja nyeusi na nyingine yenye mstari wa njano katikati. Alikuwa ameshafika kwenye kikao cha harusi ya mpwa wake na ameshaanza kutoa nasaha alipoambiwa. Mzee alimnyoa bure hadi mwisho wa mwaka.

Kwenye mkia Mama Breki aliandika maneno yaliyokuwa nyuma ya gari lake: WAOGA KARIBU. Ubavuni akaandika SHULE YA BREKI, TAWI LA JUU. Chini ya mabawa ya chini akaandika namba ya simu ya kibanda, kubwa, tarakimu kwa tarakimu.

"Huko chini atasoma nani?" mumewe akauliza.

"Walioko chini. Walioko juu si wameshajiandikisha?"

Ndani ya boksi mlikuwa na watu wawili wa plastiki wenye kofia za ngozi. Yule wa mbele alimwacha alivyo, akampaka tu jasho usoni. Yule wa nyuma alimfunga kilemba cha kijani kwa karatasi laini, kisha akachukua ncha ya sindano akamtoboa mdomo ukawa wazi.

"Huyo," mzee akasema, "nimemjua."

Binti ndiye aliyesikia kwamba chama cha waunda ndege na magari ya mfano kinafanya maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba. Mama Breki alikwenda kwa mkongojo, mumewe nyuma amebeba ndege ndani ya boksi la keki, akitembea kama mtu aliyebeba mayai ya watu.

Mwenyekiti wa chama alikuwa mtu mwembamba mwenye lenzi ya kukuzia vitu shingoni. Alipita meza hadi meza, akihesabu hata misumari midogo isiyoonekana kwa macho. Alipofika kwenye ile ya njano, akasimama. Akainama. Akanyanyuka.

"Mama, ndege hii haijawahi kutumika na rangi hizi."

"Najua."

"Haijawahi popote. Mimi nimesoma vitabu vyote."

"Basi utakuwa umechoka. Kaa."

"Utaratibu wetu unataka ushahidi. Picha halisi inayoonyesha rangi."

Mama Breki akafungua mkoba akatoa picha ya gari lake la njano, na yeye mwenyewe ameegemea boneti.

"Hili ni gari," Mwenyekiti akasema.

"Ndege yetu ilikuwa bado haijanunuliwa."

Mwenyekiti akafumba macho kidogo. Akasema kwamba kwa heshima ya umri, ataipeleka kwenye meza ya Mengineyo, ile ya pembeni karibu na choo, ambako palikuwa na jumba la vijiti vya kiberiti na kobe wa ganda la nazi. Akaiinua kwa uangalifu, akaanza kurudi nyuma apate nafasi ya kugeuka. Nyuma yake palikuwa na meza yenye meli ya mtu aliyeijenga tangu hajaoa.

"Vioo!" Mama Breki akanguruma.

Mwenyekiti akatazama bega la kushoto, akatazama bega la kulia, akakanyaga chini kwa mguu wa kulia na kuganda pale pale. Kisigino chake kilikuwa kimebakiza upana wa kidole kuigusa meza. Mtu mzima yule akageuka polepole, uso umembadilika kabisa.

"Mwalimu?"

"Ehe. Nilikuwa najiuliza ni wewe au ni ndugu yako. Uzio wa shule ya chekechea walishautengeneza?"

"Ulikuwa umejengwa vibaya, mwalimu."

"Ulijengwa kabla wewe hujazaliwa."

Ndege haikwenda karibu na choo. Iliwekwa meza ya katikati, na Mwenyekiti kwa mkono wake mwenyewe akaandika kibao kipya: RANGI ZA KUBUNI. Aliikagua tena kwa ile lenzi, akagusa waya mmoja kwa kucha. Ting. Akatingisha kichwa. "Nyaya hizi, mwalimu, umezikaza na nini?" Wakazungumza uzi wa hospitali mpaka maktaba ilipofungwa.

Lakini kabla ya hapo mkutubi alikuwa amepiga picha. Alipiga magoti, akailenga ndege kutoka chini, dirisha na mbingu vikiwa nyuma yake, akaituma kwa watu wake. Picha haina rula ya kupimia ukubwa. Aliyeipokea hakuona boksi la keki wala kobe wa nazi. Aliona ndege kubwa ya njano hewani, mwalimu mwenye kilemba akifoka, na namba ya simu.

Jumatatu simu ya kibanda ililia mzee akiwa katikati ya kidevu cha mtu.

"Kinyozi hapa."

"Nataka kujifunza kurusha ndege."

Mzee akatazama simu, akatazama kidevu. Akakumbuka kwamba kazi yake maishani ni kupokea.

"Una uzoefu wowote?"

"Nina pikipiki."

"Sawa. Jumatano nina nafasi. Njoo asubuhi, na uwe umekula kidogo tu."

Simu ililia siku nzima, naye akawapangia wote Jumatano. Mkewe aliposikia alitaka kumrushia mkongojo. "Umewapangia zamu? Za ndege gani?"

"Wewe ulisema nitapokea mimi. Nimepokea."

Jumatano wakaja. Mmoja alikuwa amevaa koti la ngozi na miwani mieusi kwenye jua la kumkausha mjusi. Mwingine alikuja na mama yake, aliyetaka kujua kama wanaorushwa wanafungwa kamba. Mama Breki akawakalisha kwenye benchi, akatoa ndege kwenye boksi la keki, akaiweka mbele yao.

"Ndege yenyewe hii."

Wakainama wote kuitazama.

"Ni ndogo," yule wa koti akasema.

"Wewe bado hujaanza; ya kuanzia inakutosha."

Wengine walicheka, wengine walinuna, wawili wakanyolewa kwa kuwa walikuwa wameshafika. Wakaondoka. Akabaki mama mmoja wa makamo kwenye ncha ya benchi, amekumbatia mkoba wake mweusi. Mama Breki alimfahamu. Huyu alikuwa mkunga. Nusu ya wale waliokuwa wamekaa hapo, alikuwa amewapiga makofi matakoni kabla hawajafungua macho.

"Na wewe, dada? Unataka kuruka?"

"Mimi? Niruke niende wapi!" Mkunga akainamisha uso. "Zahanati wametupa gari. Dereva ameacha kazi. Nimeambiwa nijifunze mwenyewe. Kila nikishika ufunguo mikono inatetemeka. Mikono hii, dada, haijawahi kutetemeka, hata siku walipokuja mapacha wametanguliza miguu. Sasa nikaiona hiyo picha. Waoga karibu. Nikasema, kama hawa wanafundisha waoga kuruka angani, mimi wa chini nitawashindaje?"

Mama Breki alitazama mguu wake, akatazama mkongojo. Alimgeukia mumewe.

"Baba, toa huyo mteja kitini."

Masomo yakaanza kwenye kiti cha kinyozi. Mkunga alikaa akishika sinia kama usukani, miguu juu ya vipande vitatu vya sabuni ya mche: klachi, breki, mafuta. Mama Breki alikaa nyuma yake kwenye stuli ndefu, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya ndoo iliyofunikwa, na mkononi ameshika mpira wa kumwagilia bustani, ncha moja mdomoni mwake, nyingine sikioni mwa mkunga. Wateja walioshuhudia wanasema sauti haikuhitaji mpira. Lakini mkunga alisema mpira ulimsaidia: ukipigiwa kelele na dunia nzima unababaika, ila ukipigiwa kwenye sikio moja tu, unasikia.

Daktari aliporuhusu kupanda gari kwa sharti la kunyoosha mguu, wakatoka barabarani na gari la zahanati. Mama Breki alilala kiti cha nyuma, mgongo mlangoni, mguu umechukua kiti kizima. Hakukuwa na pedali ya pili. Hakukuwa hata na kioo cha kumwonyesha mbele. Alichokiona ni kisogo cha mwanafunzi na matawi ya miti yakipita dirishani, polepole sana.

"Tuko gia ya ngapi?"

"Ya kwanza, mwalimu."

"Na huyo aliyetupita ni nani?"

"Ni mzee mmoja na baiskeli. Anaisukuma."

Kwenye mzunguko wa barabara mkunga aliingia vizuri, lakini kutoka kukamshinda, kwa maana kila alipotaka kutoka aliona kuna mtu mwenye haraka zaidi akampisha. Wakazunguka. Mama Breki aliona bango lile lile la sabuni likipita dirishani, likapita tena, likapita tena, mpaka akawa anamfahamu yule binti wa kwenye bango kama jirani.

"Dada, toka."

"Nampisha huyu wa lori."

"Lori limeshafika linakokwenda! Toka!"

Hapo simu ya mkunga ikalia. Alisimamisha gari pembeni, kwa indiketa, kwa utaratibu wote, akapokea. Mama Breki alisikia sauti ya mwanamume ikilia upande wa pili, ikisema mke wake, ikisema sasa hivi, ikisema kichwa. Mkunga alijibu maneno machache. Akazima simu. Akashusha pumzi.

Wakati ule kisogo kilibadilika. Mama Breki alieleza baadaye kwamba hajui kueleza zaidi ya hapo: kisogo kilibadilika. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja baada ya nyingine bila gari kukohoa. Kwenye mzunguko hawakumaliza hata nusu. Matawi yakaanza kukimbia dirishani. Mwalimu alifungua mdomo aseme neno, neno lake lile lile la maisha yote, akaona kwamba halina mahali pa kukaa. Mikono kwenye usukani ilikuwa imetulia. Akafunga mdomo, akashika mguu wake, akaacha apelekwe.

Walisimama nje ya nyumba yenye mlango wa bluu. Mkunga alichomoka na mkoba wake, akamwambia mwanamume aliyekuwa akizunguka uani, "Maji ya moto, na wewe kaa chini," akatoweka ndani. Alimsahau kabisa mwalimu wake.

Mama Breki alijaribu kufungua mlango wa kichwani kwake, akashindwa. Wa miguuni hakuufikia. Akabaki amelala, mguu juu, jua likimpiga tumboni, akigumia kidogo kwa sababu nyonga ilikuwa imeanza kukaza. Baada ya muda kikongwe mmoja wa nyumba ile akapita na taulo, akachungulia dirishani, akaona mwanamke amelala chali, mguu hewani, anagumia. Akapiga yowe.

"Jamani! Hapa yupo mwingine!"

Wakaja wanawake wawili, wakafungua mlango, mmoja akamshika mkono, mwingine akaanza kumpapasa tumbo.

"Pumua, mama. Usisukume bado."

"Nisukume nini? Mimi ni mwalimu!"

"Ndiyo, mama. Hata walimu wanazaa."

"Nina wajukuu!"

"Mungu mkubwa," kikongwe akasema, akainua mikono juu.

Ilibidi mkunga mwenyewe atokee mlangoni kuokoa hali, mikono imelowa mpaka viwikoni, uso unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa.

"Mtoto wa kike!" akatangaza. "Mama yake mzima." Kisha akaliona gari, akawaona wale wanawake, akamwona mwalimu wake. Akajishika kinywa. "Yarabi! Dada! Nilikusahau!"

"Nimeona."

"Umekasirika?"

Mama Breki alitaka kusema ndiyo. Alikuwa na orodha ndefu ya makosa, kuanzia kona ya pale sokoni. Badala yake akajikuta anacheka, akacheka hadi nyonga ikamuuma, na wale wanawake wakadhani sasa ndiyo uchungu umeanza kweli.

"Njoo uninyanyue," alisema akijifuta macho. "Na mniletee chai. Mtu akitoka uzazini hapewi hata chai?"

Wakamletea, yenye maziwa mengi. Akainywa palepale kiti cha nyuma, kwa mikono miwili, huku kikongwe akimpepea.